Sufuria ya Keki za Krismasi

Sisi tuliokulia Bigwa enzi zile, keki ikiwa kitu cha Krismasi na harusi tu, tunajua kwamba sikukuu ilikuwa inaanzia puani. Unapita uchochoroni unapigwa na harufu ya iliki na maganda ya chungwa, unajua kwa fulani wameshawasha. Ukifika kwenu unamkuta mama anahesabu mayai, na ole wako uombe la kukaanga.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu binti yangu Anita yuko nyumbani kwa likizo ya chuo, na mwaka huu ameamua kupika brauni za kugawa kama zawadi. Kama huzijui, usijali, hata mimi nimefundishwa juzi. Brauni ni keki ya kakao iliyogoma kuumuka. Ukiikata ndani imelowa, na eti hapo ndipo wanapoisifia! Enzi zetu keki ikitoka imelowa katikati, mama mtu alikuwa haonekani barabarani hadi mwaka mpya. Nilipomwambia hivyo, Anita akasema mimi mshamba. Sawa, nimekubali.

Mama yangu, Apolonia, alipika keki zake kwa mkaa. Chini jiko, juu yake sufuria kubwa kuukuu yenye mchanga, ndani ya mchanga ndiyo inakaa sufuria ya keki, halafu mfuniko, na juu ya mfuniko makaa mengine. Moto juu, moto chini. Siagi na sukari vilikorogwa kwa mwiko, upande mmoja tu, na ukibadilisha upande unapigwa kwenzi kichwani. Hadi leo sijui upande wa pili ungeharibu nini. Kazi yetu watoto ilikuwa kukoroga hadi mkono ufe ganzi, na malipo yake yalikuwa kulamba bakuli. Kaka yangu Fidelis alilamba hadi masikio yakawa na unga. Mama alikuwa akituambia, "Atakayefunua keki kabla sijasema, Krismasi yake atakula ugali."

Mapambo nayo yalikuwa yetu wenyewe. Tulitwanga sukari kwenye kinu hadi iwe vumbi, ingawa kinu chenyewe kilinuka kitunguu saumu na hakuna aliyelalamika. Mama alilaza juu ya keki jani la kangaga, lile lenye meno meno linaloota kando ya mto, akachekecha vumbi la sukari kwa chujio la chai, kisha akanyanyua jani taratibu. Kangaga lilikuwa linabaki pale juu ya keki, limechorwa lote, hadi vijani vidogo. Watu walikuwa wanaliangalia kwanza ndipo wanakula.

Hizo keki hazikuwa zetu peke yetu. Nusu na zaidi zilikuwa za kugawa, na pale mtaani kwetu majirani wengi walikuwa Waislamu. Asubuhi ya Krismasi, tukitoka misa ya kwanza, sisi watoto tulizunguka na sahani zimefunikwa vitambaa vya kufuma. "Shikamoo, mama amesema Krismasi njema." Sahani hairudi tupu, hiyo kila mtu anaijua. Idi ikifika zinarudi na pilau, visheti na kaimati, na sisi Wakatoliki wa nyumba ile tulikuwa tunaufuatilia mwezi mwandamo kuliko shehe.

Sasa, kwetu tulikuwa tunakula nguruwe. Kwa hiyo mama alikuwa na sufuria moja ya keki, imening'inia msumari wake peke yake, na haikuguswa kwa jambo jingine lolote. Hakuichemshia hata maji ya chai. Alikuwa amemwahidi Bi Tatu, jirani na shoga yake, kwamba sufuria ile haijui nyama. Bi Tatu alikula kwa neno hilo, na majirani wengine walikula kwa sababu Bi Tatu anakula. Hata mama mkwe wake, bibi mmoja mkali aliyekuwa hagusi kitu cha mikono yetu, mwishowe alikubali kipande kidogo.

Mwaka mmoja, siku ya mkesha wa Krismasi, mjomba Kosta aliteremka kutoka Kinole, kule milimani. Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa mama, na kwetu Waluguru mjomba si mtu wa kuchezea, nyumba ya dada yake ni yake. Alikuja na machungwa, mdalasini ambao bado ni magome, na paja la nguruwe limefungwa kwenye majani ya migomba. Mama alikuwa amekwenda kusafisha kanisa. Mjomba alikuwa mchangamfu, akasema haiwezekani dada arudi amechoka aanze kupika. Akapanga atukaangie yeye. Akazitazama sufuria zote pale jikoni, akaona nyingi nyeusi, na moja inang'aa juu ya msumari.

Mimi na Fidelis tulikuwa mtoni kutafuta kangaga. Tuliporudi tulikutana na mama getini, wote watatu tumepokelewa na harufu. Mama akaingia jikoni akasimama. Mafuta yanachachatika, mjomba amejifunga kanga ya mama kiunoni, jasho linamtoka, uso wote furaha.

"Apolonia! Leo unapikiwa!"

Mama akasema, "Ahsante kaka." Halafu akakaa juu ya kinu na machozi yakaanza kumtoka. Nilikuwa sijawahi kumwona mama akilia kwa ajili ya chombo. Niliogopa sana.

Alipomweleza, mjomba akaifungua ile kanga kiunoni, akaikunja, akairudisha. "Si inaoshwa?" akasema kwa sauti ya chini. "Ioshe dada. Nani atajua?"

"Bi Tatu anakula kwa neno langu, kaka," mama akasema. "Nikimpa keki ya sufuria hii, nimemlisha uongo."

Kupika kwenye sufuria nyingine kusingesaidia, zote zilikuwa zimeshapikiwa nguruwe. Kununua mpya siku ile ilikuwa ndoto. Kutogawa kabisa, mtaa mzima ungeuliza kulikoni, na yule bibi mkali angesema, si niliwaambia? Mama alijifuta uso, akajitanda kanga, akatoka. Nikamfuata.

Bi Tatu alikuwa uani anachambua mchicha. Mama hakuzunguka. Alisimama pale pale akasema, "Shoga, sufuria imepikiwa nguruwe. Ni kaka yangu, hakujua."

"Astaghfirullahi!" Bi Tatu akaacha mchicha. Akamtazama mama, kisha akanitazama mimi na kangaga langu mkononi. "Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu. Mwaka huu sitagawa. Nimekuja ujue sababu kutoka kwangu."

"Usigawe uende wapi? Maji unayo?"

"Yapo kidogo."

"Basi huyo kaka yako akachote."

Bi Tatu akaenda nyuma ya nyumba, akachimba udongo mwekundu kwenye sehemu safi, akajaza kopo. Akamwambia mama, kwa dini yao chombo kilichoguswa na mnyama yule kinaoshwa mara saba, mara moja katika hizo kwa maji yaliyochanganywa udongo, na kinakuwa safi. Mama hakuwahi kulijua hilo miaka yote waliyoishi pamoja. Halikuwahi kuhitajika.

Nyumbani, mama aliisugua kwanza sufuria kwa majivu na sabuni hadi mafuta yakatoka yote. Kisha Bi Tatu akapandisha mikono ya gauni. Mjomba Kosta, mzee mwenye heshima zake huko Kinole, alibeba ndoo kutoka mtoni akapandisha, akashuka tena, na hakuna aliyempokea. Bi Tatu alimwamkia vizuri tu, "Shikamoo kaka," akaitikiwa marahaba, halafu akaongeza, "Ila huyo mdudu wako ametutia kazini." Mjomba akacheka kwa aibu.

Bi Tatu aliosha akihesabu kwa sauti ya juu. "Moja, na udongo! Mbili!" Nilimuuliza mama kwa kunong'ona mbona anapiga kelele. Mama akaniambia nitazame upande wa ua. Kulikuwa na vichwa vitatu juu ya ua, na cha katikati kilikuwa cha yule bibi mkali. Alipofika saba Bi Tatu akaigeuza sufuria ikachuruzika, akaosha na mikono yake vile vile, akampa mama.

"Haya. Tia unga."

Keki zilipikwa jioni ile ile. Kangaga likachorwa. Kesho yake nilipopeleka sahani kwa Bi Tatu, mama mkwe wake alikata kipande mwenyewe, akakitafuna polepole huku ananitazama, akakata cha pili. Mama alipohadithiwa alicheka hadi akakaa chini. Nguruwe wa mjomba tulimla vizuri tu, kwenye sufuria nyeusi.

Mama na Bi Tatu wote wametangulia mbele ya haki. Zena, binti wa Bi Tatu, bado yuko nyumba ile ile, na mimi niko hapa hapa. Sahani bado zinakwenda na kurudi, ila siku hizi zimekuwa maboksi. Za Anita zina utepe wa dhahabu, na juu ya kila brauni amechora mtu wa theluji kwa sukari nyeupe. Theluji, Bigwa, Desemba, jua linapasua vichwa! Amezipiga picha kila upande kabla hata hazijapoa. Watu mia wameshaziona na hakuna hata mmoja aliyezionja. Nilimtajia kangaga, akaniuliza kama linauzwa mtandaoni.

Jana mchana maboksi yalikuwa yamepangwa mezani, la Zena limeandikwa jina kwa mwandiko wa kupendeza. Nikaiona trei ya oveni kwenye karo la vyombo.

"Anita, brauni umezipikia trei hii?"

"Ndiyo mama."

"Si ndiyo mliyochomea kitimoto Jumapili?"

"Niliiosha mama, na sabuni. Kwani nani atajua?"

Nilikaa kwenye kiti. Mtoto huyu hajawahi kumwona mjomba Kosta hata kwenye picha. Nikamsimulia yote, na nikamwona uso unabadilika, akafungua utepe wa boksi la Zena bila kuambiwa. Brauni zile sasa ni za kwetu, tutazila. Lakini Zena tutampa nini? Nikachukua simu, kwa sababu siku hizi hatutembei tena hadi uani kwa mtu.

"Zena, mdogo wangu, zawadi yako imepata kasoro. Trei ilipikiwa mdudu."

Nikasikia kuku wake wakilia kule. Niliogopa kama nilivyoogopa siku ile jikoni. Nikawaza, hawa watoto wetu hawajui kitu, na sisi tuliojua tumezeeka, sasa desturi ndiyo inakatikia hapa.

"Udongo unao," akasema Zena, "au nije nao?"

Nikatazama nje dirishani. Uwanja wangu wote, kutoka getini hadi mlango wa jikoni, nimetandika matofali ya saruji, mwenyewe nilijisifu mwaka jana kwamba hakuna tena tope. Hapakuwa na udongo hata wa kujaza kijiko.

"Njoo nao," nikamwambia.