Sabini ya Mama Furaha

Nichekeni tu, maana hata mimi nikiwa peke yangu jikoni nikikumbuka siku ile naufunika uso kwa kitambaa cha vyombo. Nafundisha Kifaransa hapa Nyamasaria, na siku ya wazazi ilipokaribia nilichora chati kubwa ya namba nikaibandika ukutani: Kilatini juu kabisa, ndiye mama, na chini yake watoto wake, Kiitaliano, Kihispania, Kireno na Kifaransa, ili mtu aone tres, yaani tatu, ilivyozaa tre, tres, três na trois (niliisifu mwenyewe ile chati kabla hajaisifu mtu).

Ningeiacha ining'inie pale yasingenipata. Lakini siku yenyewe nikamwona Mama Furaha ameketi nyuma, Mkongo anayeuza vitenge mjini, ambaye binti yake yuko darasani kwangu, nikaona ni vizuri wazazi wasikie Kifaransa kwa mtu aliyekua nacho. Nikamwita mbele atuhesabie kwa makumi. Alikwenda vizuri mpaka sitini, halafu akasema septante.

Nikamkatiza. Nikatabasamu lile tabasamu la walimu (mnalijua), nikasema, "Hapana, mama. Ni soixante-dix. Hilo lako halipo."

Kule nyuma Furaha akainamisha kichwa, na nilijua kwa nini, maana muhula wa kwanza nilikata neno hilohilo kwenye daftari lake kwa kalamu nyekundu, na tangu hapo hakuinua tena mkono darasani.

Sasa mzee mmoja wa Ahero, mkulima wa mpunga, akataka kujua hilo neno langu lina maana gani, na mimi kwa usomi wangu wote nikamwambia ni sitini na kumi.

"Yawa, mwalimu, sitini na kumi si ndio sabini? Na huyu mama amesema nini?"

"Sabini," Mama Furaha akajibu polepole.

"Basi amekosea wapi?"

Watu wakaanza kucheka. Mama Furaha hakucheka. Aliigeukia chati yangu, akaweka kidole kwenye Kilatini, septuaginta, akashuka nacho, settanta, setenta, setenta, kikafika kwenye Kifaransa kikasimama.

"Mwalimu, sisi kule Bukavu tunasema septante, na Wabelgiji nao wanasema hivyo. Kwa hii karatasi yako, langu ndilo linafanana na mama. La kwako sijui lilitoka wapi."

Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu mkuu akiwemo. Na alisema kweli. Chati niliichora kwa mkono wangu, nikaitazama siku zote zile, nisione kwamba neno nililolitetea ndilo lililoacha njia. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Wazazi walipotoka kwenda kunywa chai, Furaha alibaki. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliuliza tu, "Madam, kwa hivyo babu hakukosea?"

Babu yake ndiye aliyemfundisha kuhesabu, akafariki kabla hawajahamia huku, na tangu ile kalamu nyekundu mtoto huyu alikuwa akiamini kwamba marehemu alimfundisha makosa.

"Hakukosea," nikamwambia. "Aliyekosea ni mimi."

Nilimpa kalamu aliandike neno la babu yake kwenye chati, na bado lipo, limebanwa pembeni kwa sababu sikuwa nimeliachia nafasi. Kalamu nyekundu sijaitupa (mwalimu ataishije bila hiyo?), lakini siku hizi, kabla sijakata neno la mtoto, namuuliza kwanza nani alimfundisha.