Sanduku Ukutani

Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kupotea midomoni mwa watu. Mtaa mzima tulimwita Mikono, na aliyeiona mikono ile ikifanya kazi hakuuliza sababu. Ilikuwa mifupi, minene, ya vidole butu, ungedhani inafaa kukanda udongo tu. Lakini mpe shati lililochanika kwapani, mpe mkebe wa rangi iliyokauka, mpe kiti cha miguu mitatu. Zungumza naye mambo mengine, kunywa chai yako taratibu. Chai haijaisha, kitu ulichompa kimekwisha kuwa kitu kingine, tena kizuri kuliko cha kwanza.

Aliishi kwa mdogo wake, fundi wa mafriji. Karakana ilikuwa mbele, nyumba nyuma, na katikati ua mdogo uliojaa mafriji yaliyokufa, yamesimama milango wazi. Droo za mboga Mikono alizijaza udongo akaotesha vitunguu. Rafu za waya zikawa za kukaushia vyombo. Raba za milango alizikata, akazipigilia chini ya mlango wa chumba chake, vumbi lisiingie. Alikaa kwenye kigoda chake, miguu ameinyoosha, mkasi mapajani, akiimba wimbo usio na maneno, na raha aliyokuwa nayo ungeweza kuiona tangu barabarani. Ukipita na takataka mkononi, macho yake yalikwenda kwenye takataka kwanza, wewe baadaye.

"Unakwenda kuitupa hiyo?"

"Imeshakufa hii, dada."

"Nani kakwambia imekufa? Lete. Kwangu hakuna maiti."

Basi fundi akaoa. Mke aliletwa mchana, na vitu vyake nyuma ya gari dogo la mizigo: mapazia aliyoshonewa na mama yake, kitanda chenye ubao wa kichwani uliochongwa maua, blanketi zito, gauni la harusi ndani ya mfuko wake, na sanduku. Lilikuwa la ngozi ya kahawia, pembe zake za shaba. Lilikuwa la marehemu baba yake, na ufunguo wake binti aliuvaa shingoni kwa uzi. Vitu vingine aliacha wanaume washushe. Sanduku alilibeba mwenyewe.

Mikono alisimama mlangoni akivihesabu kwa macho. Mama wa Duka, ambaye duka lake linatazamana na karakana na ulimi wake unatazamana na kila mtu, alitugeukia akasema, "Mwoneni Mikono. Anavyovitazama vitu vya watu, utadhani vimetupwa."

Tukacheka. Hatukujua kwamba kicheko kile kilikuwa na kazi ndefu mbele yake.

Yalianza mapazia. Bi Harusi, jina hilo lilimganda hata miaka ilipopita, alikwenda sokoni asubuhi, akarudi akakuta madirisha matupu na makochi yamevikwa. Mshono ulikuwa wa kupendeza, kona zimekaa, maua ya pazia yameangukia katikati ya kila mto. Mikono alikuwa ameshatuita tuje kuona.

"Yalikuwa marefu mno kwa madirisha yetu, wifi. Yanafagia sakafu. Haya, sema mwenyewe mbele za watu, mazuri si mazuri?"

Bi Harusi aliweka kapu chini. Alitutazama sisi, akatazama makochi.

"Mazuri, wifi."

Jioni alimweleza mumewe. Fundi alikuwa ananawa mikono kwa mchanga na sabuni kutoa mafuta ya kompresa, wala hakuinua kichwa. "Dada amekusaidia. Kwani kuna kilichopotea?"

Na kweli, hakuna kilichopotea. Hapo ndipo penye ncha, wapenzi wangu. Mwizi utamshika na mali yako. Mtu aliyeigeuza mali yako, akakuwekea palepale sebuleni uikalie, utamshika na nini?

Likafuata gauni la harusi. Likawa kofia ya taa, na kilichobaki vifuniko vya sinia vyenye shanga pembeni. Ubao wa kitanda ukawa rafu ya viatu, maua yale ya kuchonga yakitazama kandambili. Kila mara tuliitwa, na kila mara tulikwenda, maana vitu vilikuwa vizuri, na uso wa yule binti nao tulipenda kuutazama. Semeni mtakavyo. Mtaa wetu hauna sinema.

"Katika nyumba hii," Mikono alipenda kusema, sindano mdomoni, "kitu kisichofanya kazi yake tunakitafutia kazi nyingine." Mwaka wa pili ulipopita bila mtoto, alianza kuyasema hayo akimtazama wifi yake tumboni.

Kisha Bi Harusi akapata mimba. Alinunua flaneli ya manjano, laini kama unga, akaikunja akaiweka juu ya sanduku lake. Akawa anaimba hata yeye. Mikono alinyamaza miezi ile, na tukadhani mambo yamekwisha. Mimba ikaharibika. Fundi alimpeleka hospitali kwenye gari la mteja, pamoja na friji la mteja. Bi Harusi aliporudi, ameshikilia ukuta, aliingia jikoni kutafuta maji, akavikuta vimetundikwa kwenye misumari juu ya jiko: vishikio vya sufuria, vya manjano, vimedariziwa pembeni kwa uzi mwekundu.

"Nimekuondolea usivione," Mikono akamwambia. Akashusha kimoja, akamwekea kiganjani. "Shika. Haviunguzi kabisa."

Sauti yake ilikuwa ya upole. Mimi nilikuwa nimepeleka uji, nilisikia kwa masikio yangu, na hadi leo siwezi kusema kama alikusudia kuumiza au aliona kitambaa tu. Bi Harusi alikiminya kile kishikio, akakigeuza upande wa pili, akautazama mshono. Nilingoja alie. Akasema, "Wifi, nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Hivi unavyofanya. Kugeuza vitu."

Mikono aliketi ghafla, kama mtu aliyevutiwa kigoda. Hakuna aliyewahi kumwomba hilo. Watu walimwomba vitu. Kazi yenyewe hakuna aliyeitaka.

Kuanzia hapo ukiwapitia mchana unawakuta wawili uani, katikati ya mafriji. Mikono alifundisha kama mama anayelisha. Alimwonyesha kufumua mshono bila kukata uzi, kutoa msumari bila kupasua ubao, kuziba tundu la skrubu kwa kipande cha kizibo na nta ya mshumaa. "Usikivunje kitu, wifi. Kitu hakikatai kufunguka. Kiulize kilifungwaje, halafu rudi nyuma." Walicheka. Siku moja walicheka mpaka fundi akatoka karakana kuuliza kuna nini, wakamwambia, "Mambo ya wanawake, rudi kwenye baridi yako," wakacheka tena.

Ni katika michana ile Mikono alipotoa siri yake. Naye aliwahi kuolewa. Kitanda cha kule alikinunua yeye, na meza, na vyombo vyote, kwa pesa za kushonea watu. Mume alipomchoka, wakwe walisimama mlangoni wakasema vitu ni vya nyumba. Walimpa mfuko mweusi wa plastiki atie nguo zake. Alitembea nao hadi kwa mdogo wake, na njiani kila aliyemjua alimwuliza ametoka kununua nini.

"Ndiyo maana sina kitu hapa ndani," alisema, akivuta uzi kwa meno. "Nina mikono tu. Mdogo wangu akiamka siku moja aone mikono hii haina kazi, nitakuwa nani?"

Bi Harusi aliendelea kushona. Baadaye akasema, "Wifi, vyote umegusa. Lile sanduku la baba niachie."

"Hilo nimekuachia. Mungu shahidi."

Ningetamani kuwaambia kwamba alilitimiza. Lakini habari zikaja kwamba mama yake Bi Harusi anaumwa, na Mikono akapita mlangoni akamwona wifi yake amepiga magoti anapanga nguo ndani ya sanduku. Safari iliahirishwa, mama akapata nafuu. Macho ya Mikono hayakupata nafuu. Alianza kulala vibaya. Alimwambia Mama wa Duka, "Mwenye sanduku tayari si mkaaji," na Mama wa Duka, badala ya kuzima moto, akapuliza. "Naye akiondoka, shoga, mdogo wako atamlaumu nani?"

Siku Bi Harusi alipokwenda kwa mama yake asubuhi arudi jioni, amebeba mkoba tu, Mikono alifanya kazi ambayo hata leo mafundi seremala wanaisimulia. Kufuli hakuligusa. Alilala chini, akatoa pini za bawaba moja moja, akafungua sanduku kwa mgongoni. Nguo alizikunja vizuri akaziweka kitandani. Kisha akalisimamisha sanduku jikoni, akalikaza ukutani kwa skrubu, akalitia rafu mbili za kioo cha friji na kulipaka nta mpaka shaba ikawaka. Likawa kabati la viungo. Tuliitwa. Tulikwenda. Sijaona kabati zuri kama lile.

Bi Harusi aliingia, vumbi la safari bado miguuni.

"Sasa umekaa, wifi yangu," Mikono akasema, akimpigapiga begani, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Naapa alikuwa na furaha. "Sasa wewe ni wa hapa. Umelionaje?"

Bi Harusi alishika ufunguo wake shingoni. Alifungua mlango wa lile kabati, akaufunga. Akapitisha kidole kwenye skrubu, moja baada ya nyingine.

"Zuri, wifi. Umekaza sana?"

"Hata tetemeko halilitoi."

"Skrubu za nyota au za mstari?"

"Za nyota," akasema mwalimu, kwa fahari.

Haikupita wiki, fundi akapata kazi ya kufunga chumba cha baridi kwenye bucha upande wa pili wa mji, na Mikono akaenda naye kuokota mabaki ya mabati. Walipopinda kona, Bi Harusi alitoka karakana na bisibisi ya nyota.

Alianza na makochi. Hakurarua kitu. Alifumua vitambaa vyote kwa ncha ya wembe, akavuta uzi, akakunja mapazia yake kwa mikunjo ya zamani. Makochi yakabaki springi na katani. Akavua taa kofia. Akachukua vifuniko vya sinia. Blanketi, ambalo nalo lilikuwa limegeuzwa pedi ya kupigia pasi, akalivua mezani. Ubao wa maua akaung'oa msumari kwa msumari, viatu akavipanga sakafuni mstari mmoja. Vile vishikio vya manjano alivishusha mwisho, akavitia kifuani. Sisi tulisimama dirishani, dirisha lisilo na pazia, tukamtazama. Hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyemzuia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mama wa Duka akanong'ona. Hakujua anamsema nani.

Sanduku lilitoka ukutani bila hata kulia. Alitoa vioo akavisimamisha pembeni, viungo akavimimina kwenye vibakuli, akaziba matundu kwa kizibo na nta, akarudisha pini za bawaba. Akatia nguo na vitambaa vyake vyote, akafunga kwa ufunguo. Ubao akaufunga juu kwa kamba. Kisha akachukua mfuko mweusi wa plastiki, mpya, akaukunja mara nne, akautundika kwenye skrubu moja aliyoiacha ukutani makusudi. Alipita katikati yetu na sanduku lake kichwani, bila kutuaga.

Fundi na dada yake walirudi magharibi, yeye mbele na vifaa, dada nyuma na mabati kichwani. Fundi alisimama sebuleni. Kulikuwa na kuta, springi, na viatu vilivyopangwa vizuri.

"Dada," akasema. "Hebu nionyeshe cha kwako humu ndani."

Mikono alitua mabati. Aliingia jikoni, akauona mfuko kwenye skrubu. Hakuuliza ni wa nini.

"Nenda kwao kamwombe arudi," fundi akasema kutoka kule sebuleni. "Ukimkosa, mimi sina haja ya mikono yako."

Kulipokucha tulimwona akipita na ule mfuko mkononi. Nguo zilikuwa nyingi kuliko zilivyokuwa alipokuja. Mama wa Duka alikuwa anafagia mbele ya duka, akaegemea ufagio.

"Mikono! Umetoka kununua nini asubuhi yote hii?"

Watu wakacheka. Mikono naye alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekwisha kuusikia utani huo. Hatua chache mbele mfuko ukaanza kuchanika kwenye mshikio. Alisimama, akauweka juu ya goti, akavuta ncha mbili za plastiki, akazipitisha hivi, akazirudisha hivi, akafunga fundo dogo, safi, lililokaa vizuri kuliko mshikio wenyewe. Akalijaribu kwa kulivuta. Likashika. Akaendelea na njia.