Mgomba Uliozikwa Maposeni

Wapo wanaosema nilikuwa kichaa. Sawa. Miaka ile biashara huria iliporuhusiwa, Songea ilijaa vibanda vya video, na watu walilipa kiingilio kutazama Wahindi wakiimba na Wachina wakipigana. Nikasema nitatengeneza filamu yetu. Jirani yangu wa Mshangano akanicheka mbele za watu: "Filamu zinatoka Bombei, bwana. Kwako yanatoka mahindi tu."

Nilikodi kamera ya kupigia harusi. Waigizaji walikuwa wanakwaya wenzangu. Mjomba wangu wa Maposeni alituachia uwanja nyuma ya nyumba yake. Nilimwambia tutaigiza mambo ya kilimo. Sikumwambia kwamba hadithi inaishia kwa maziko. Nilijua angekataa.

Tukachimba kaburi la kweli. Mvua ikatukimbiza barazani kabla hatujapiga picha, na mjomba, akirudi kutoka shambani, akalikuta.

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia. "Nani amekufa?"

"Hakuna mtu. Ni mchezo tu."

"Kaburi likichimbwa halifukiwi tupu, wewe mpwa. Likikosa mtu litamtafuta. Nyumba hii tumebaki mimi na mke wangu. Umemchimbia nani?"

Mwanakwaya mmoja alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Dawa yake kila mtu kwetu anaijua: unakatwa mgomba, unazikwa badala ya mtu. Mvua ilipokatika, mjomba aliukata mwenyewe, mmoja wa migomba yake iliyobeba mikungu. Mkewe akauviringishia kanga. Waliuteremsha taratibu, kama mtu anayeweza kuumia. Wanawake wa kwaya, niliowabembeleza asubuhi nzima watoe chozi wakaishia kuchekana, sasa walilia bila kuambiwa.

Nikawasha kamera.

"Zima hicho kitu," mjomba alisema bila kugeuka.

Sikuzima.

Baadaye nilimpelekea kuku na sukari kuomba radhi. Hakupokea. "Futa ile picha, ndipo tusalimiane."

Sikufuta. Kibandani, watu waliozoea kuzomea kioo walinyamaza kimya mgomba ulipoingia ardhini. Jirani yangu akaninong'oneza, "Yule mzee ulimpata wapi? Anaigiza kuliko wote."

Mjomba alikufa hatujasalimiana. Kwenye maziko yake nilisimama nyuma, pamoja na wapita njia. Uongo niliomwambia ni wangu; sina wa kumsingizia, na unaniuma mpaka leo.

Lakini wanawe bado wanadai niifute ile kanda. Waje. Nitawapa chai, nitawawekea. Wamwone baba yao akiinamia kaburi, matope hadi magotini, akiushusha mgomba kwa mikono miwili ili kifo kisiingie nyumbani kwake. Wakimaliza kutazama, waniambie nianze kufuta wapi.