Mipira Mitatu ya Fundi Mayige

Mayige Bundala alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari angeutibu: kila alichotengeneza, lazima akifunge mpira. Umpelekee baiskeli pale kibandani kwake, jirani na soko la Bariadi, imepata pancha tu. Atakurudishia tairi limejaa upepo, halafu utakuta kipande cha tyubu kuukuu kimezungushwa kwenye pampu, kingine kwenye taa, na kingine kwenye kengele ambayo wala haikuwa na tatizo. Watu wakamwita Fundi Mipira. Alikuwa anacheka nao, huku mkono unaendelea kufunga.

Tusimwonee. Kwa baiskeli zetu nyeusi, zile za kubeba magunia mawili ya pamba kwa safari moja, bila mpira hufiki. Barabara zetu zinatikisa mpaka meno. Mayige alijifunza ufundi Maswa, kwa mjomba wake, na somo la kwanza alilopewa lilikuwa hilo: kaza nati, kisha funga mpira. Miaka thelathini somo hilo halijamwangusha, isipokuwa siku moja. Na siku hiyo ndiyo iliyomharibia usingizi.

Ilikuwa mwaka jana, kwenye mbio za baiskeli za wanawake. Binti yake Minza alikuwa wa pili, mstari wa kumalizia anauona kwa macho, cheni ikachomoka. Gurudumu la nyuma lilikuwa limesogea. Nati ilikuwa imelegea, na aliyeikaza ni baba yake. Minza akamalizia kwa miguu, anaisukuma baiskeli, wa tisa. Hakusema neno, si siku ile wala baadaye. Afadhali angesema. Mayige angejua pa kuuweka uchungu wake. Badala yake aliubeba mwaka mzima, akawa mtu wa kukagua nati moja mara tatu, anaondoka, anafika mlangoni, anarudi kuikagua mara ya nne.

Sasa mbio zilikuwa zimerudi, kwenda Lagangabilili na kurudi, na safari hii si mchezo. Wasichana watatu wa kwanza wangeiwakilisha Simiyu kwenye mashindano ya taifa. Umri wa mwisho ni miaka ishirini na tatu, na Minza anatimiza ishirini na nne mwezi wa kumi. Ilikuwa mwaka huu au basi.

Jumatano asubuhi katekista Joakim akafika kibandani anaikokota baiskeli ambayo Mayige hajapata kuishika maishani.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka," Mayige akajibu, macho yako kwenye baiskeli.

Ilikuwa baiskeli ya mbio ya zamani, nyembamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo. Mwalimu mmoja Mzungu aliiacha parokiani zamani, ikatundikwa stoo mpaka popo wakaizoea. Padri ameruhusu Minza aitumie. Fremu nzima, magurudumu mazima, ila nyaya za gia zimeoza zote mbili.

"Utaiweza?" Joakim akauliza.

"Nyaya ni nyaya," Mayige akasema. Mdomo ulisema hivyo. Moyoni alijua hajawahi kugusa gia.

Kwa sababu baiskeli nyeusi haina gia. Hii ilikuwa na vijiti viwili vidogo kwenye bomba la chini la fremu, cha kushoto kwa gia ya mbele, cha kulia kwa gia ya nyuma. Kutoka kwenye vijiti waya unateremka mtupu, bila kava, unapita chini ya mahali pedeli zinapozungukia, unatambaa kuelekea gurudumu la nyuma. Hapo mwisho tu ndipo unapoingia kwenye kava fupi lililojipinda, kabla haujaushika mkono wa gia unaosogeza cheni. Ukivuta kijiti, waya unavuta. Ukikirudisha, springi ndiyo inayourudisha waya.

Alifanya kazi siku tatu, wateja wengine akawaambia waje wiki ijayo. Kava la kwanza alilikata fupi mno, gia ikagoma kushuka. Akakata jingine, refu kidogo, likakaa. Minza alikuwa anachuchumaa kando yake jioni, akitoka shamba, anazungusha pedeli kwa mkono huku baba anavuta kijiti. Cheni ikapanda jino kwa jino, ikashuka. Ijumaa saa kumi na moja jioni gia zote zilikuwa zinaitika.

"Baba, imekaa vizuri kabisa," Minza akasema. "Iache hivyo hivyo."

"Nimeiacha, mayu." Alimwita mayu, yaani mama, kwa kuwa Minza alirithi jina la bibi yake mzaa baba.

Hakuiacha. Minza alipoingia ndani kusaidia kupika, Mayige akabaki anautazama ule waya mtupu. Mtupu namna ile, hewani! Akauona unanasa suruali ya mtoto. Akauona unatikiswa na barabara, unachomoka kama cheni ya mwaka jana, na watu wanageuka kumtafuta fundi. Akachukua vipande vitatu vya tyubu, akaubana waya kwenye fremu: kimoja bomba la chini, viwili kuelekea gurudumu la nyuma. Akajaribu kijiti. Kilikuwa kizito kidogo, lakini gia zilipanda na kushuka. Uzito ule akasema ni upya wa waya. Usiku huo akalala, kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Jumamosi Minza aliondoka mapema kwenda mahali pa kuanzia. Mayige akamfuata na baiskeli yake nyeusi, akamwona kwa mbali tu katikati ya wasichana ishirini na kitu, bendera ikashuka, wakaenda. Akaiegemeza baiskeli yake juani karibu na mstari wa kumalizia, akakaa kusubiri.

Jua likapanda. Kwenye saa tano hivi mama mmoja muuza karanga, jina lake Lukresia, akamwomba pampu, tairi lake limeisha upepo. Mayige akainuka kuifungua pampu yake kwenye fremu. Mpira haukutoka. Jua lilikuwa limeulainisha, umeng'ang'ania chuma, ikabidi aubandue kwa kucha. Kabla haujabanduka, alipoivuta pampu, haikuteleza hata kidogo.

Akabaki ameishika. Lukresia akamwuliza kama anaumwa.

Hakuumwa, alikuwa ameelewa. Ile springi ya gia ni ya zamani, imechoka. Jioni, kwenye ubaridi, iliweza kuurudisha waya chini ya mipira mitatu. Kwenye jua hili isingeweza. Minza angepandisha gia nyepesi kwenye vilima vya kule, halafu akifika tambarare, pale wenzake wanapoweka gia nzito na kukata mbuga, yeye angerudisha kijiti na waya ungebaki umegandia palepale. Angebaki anazungusha miguu hewani huku wanampita. Mwaka jana nati, mwaka huu mpira. Na alikuwa ameambiwa aiache.

Alitaka kupanda baiskeli amfuate. Amfuate wapi, na gari la polisi limefunga barabara? Akapampu tairi la Lukresia mpaka mama wa watu akamzuia lisipasuke. Akakaa, akasimama. Akaanza kutunga maneno ya kumwambia mwanawe, akaona hakuna hata moja linalofaa kutoka kwa mzazi. Alimwogopa Minza kama mtoto anavyomwogopa baba.

Kisha kelele zikaanzia mbali. Wa kwanza akapita, msichana wa Meatu, peke yake. Nyuma yake wakaja wanne wamebanana. Mayige akamwona Minza katikati yao, wa nne au wa tano, kichwa chini. Akaona mkono wake wa kulia unaacha usukani, unashuka kwenye kijiti.

Akafumba macho. Ni aibu kusema, lakini alifumba.

Alipoyafumbua, Minza alikuwa amepita. Watu wanapiga vigelegele. "Wa tatu! Binti wa Fundi Mipira, wa tatu!"

Alijipenyeza mpaka akamfikia. Minza alikuwa ameketi chini anahema, baiskeli imelala kando yake. Mayige hakumtazama mtoto kwanza, Mungu amsamehe, alitazama fremu. Waya ulikuwa mtupu mwanzo mpaka mwisho. Pale palipokuwa na mipira pamebaki alama tatu nyeusi chini ya vumbi.

"Ilikuwa mitatu," akasema.

Minza akaingiza mkono mfukoni, akatoa vipande vitatu vya tyubu, vimekunjwa pamoja. Kwao mpira hautupwi.

"Niliifungua asubuhi, njiani," akasema taratibu. "Tangu mwaka jana, baba, huwa nasimama njiani nakagua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeirudishia."

Mayige akapokea mipira yake. Mwaka mzima alidhani anabeba ile nati peke yake, kumbe mwanawe naye alikuwa anaibeba, kila safari, kimyakimya, ili asimwumize.

Ofisa michezo, mama Flora Mboje, akaja na karatasi zake. Akaandika jina la Minza, umri, wilaya. "Na fundi wako ni nani? Timu itamhitaji."

"Ni baba yangu huyu," Minza akasema bila kusita.

Watu wakacheka, wakaita Fundi Mipira, Fundi Mipira. Mayige hakucheka nao.

"Andika majina mawili, mama," akasema. "Mimi nafunga. Huyu ndiye anayekagua."

Flora akadhani ni utani, akaandika moja. Minza hakudhani hivyo. Aliinamisha kichwa, akajifuta uso kwa kiganja, kwa muda mrefu kuliko jasho linavyohitaji. Mayige akasimama kando yake na mipira mitatu mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani hakutafuta pa kuifunga.