Gorogoro Nne za Unga Kabla ya Mbio za Homa Bay

"Huyo hawezi kumaliza hata kilomita kumi," walisema watu wa kijiji chetu cha Masara, Migori, niliporudi kutoka Qatar. Mguu wangu uliwahi kuvunjika, na miaka ilikuwa imesonga. Jirani yangu Ochieng aliongeza, "Na hiyo diploma yake ya lishe, itachemka kwa sufuria?" Wakacheka. Nilijisomesha mwenyewe nikipika katika kambi ya wajenzi, bila kubebwa na mtu, na nilijua wasilolijua: mbio ndefu huanzia kwenye sahani.

Msimu ule mvua ilikosa, na machimbo ya dhahabu yalifungwa baada ya shimo kuporomoka. Hapakuwa na kazi. Mbio za kilomita ishirini na moja za Homa Bay zilikuwa na zawadi ya fedha kwa watano wa kwanza, nami sikuona njia nyingine ya kulisha nyumba yangu. Lakini mkimbiaji lazima ashibe. Nikakopa unga kwa gorogoro, ule mkebe wetu wa kilo mbili, katika nyumba nne. Ya mwisho ilitoka kwa mjane tuliyemwita Nyar Kano, yaani binti wa Kano.

"Wewe umeshakula, mama?" nilimuuliza.

"Nimekula. Enda ukimbie, utanirudishia."

Wiki mbili nilikula ugali huku wanangu wakinywa uji. Siku tatu za mwisho niliongeza kipimo maradufu. Watoto walitazama kila tonge. Nilikula tu. Ndivyo inavyotakiwa: wanga mwingi, mafuta kidogo.

Jumamosi asubuhi niliondoka Migori na mfuko wa unga wa Nyar Kano. Njiani, kutoka Rongo hadi Rodi, mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa kimo cha goti.

Saa nane mchana nilifika Homa Bay kwa shangazi yangu, waya kwa Kijaluo, Msabato wa kweli. Sabato hawashi moto. Alikuwa amepika nyoyo tangu Ijumaa, yaani mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, sufuria nzima.

"Waya, maharagwe hayaliwi siku moja kabla ya mbio. Yatanisumbua tumbo njiani."

"Kumbe huko Arabuni ulisomea kukataa chakula?"

"Nipikie ugali wa unga wangu."

"Jua likizama. Mungu hana haraka na mbio zako."

Nikakaa na njaa hadi jua lilipozama ziwani. Alinisongea ugali mweupe, nikala kwa chumvi na chai ya sukari. Omena, wale dagaa wa ziwani, nilikataa. Alifunika bakuli, akaenda kulala.

Jumapili saa kumi alfajiri, kwenye kibanda cha chai karibu na mahali pa kuanzia, nilikunywa uji mwepesi na kula ndizi mbivu moja, muda wa saa tatu kabla ya mbio kuanza. Wakimbiaji vijana pale kibandani walikuwa wakila chapati na mayai, wakanicheka: "Mzee, hiyo ni chakula ya mgonjwa!" Kufikia kilomita ya kumi na tano niliwapita wakiwa wameinama kando ya barabara, wakitapika. Mguu uliwaka moto, lakini tumbo lilikuwa kimya. Nilimaliza wa nne. Ochieng na aandike hilo.

Jumatatu nilirudi Masara na gunia la mahindi nililonunua kwa zawadi yangu na kusagisha Migori mjini. Nyumba ya kwanza nililipa, ya pili nikalipa, ya tatu nikalipa, kila gorogoro ikiwa na kichuguu juu. Katika boma la Nyar Kano nilikuta viti vya kukodi na watu wakilia. Alikuwa amefariki Jumapili.

"Alikuwa mgonjwa?" nilimuuliza mkaza mwana wake.

"Alikuwa mdhaifu tu. Ule unga aliokupa ndio uliokuwa wa mwisho. Kila tukimuuliza, alisema amekula."

Nilimimina unga wake jikoni, gorogoro moja, kisha nyingine, kisha uliobaki wote. Jioni ile hakuna mtu Masara aliyenidai. Najua sasa kuliko mtu yeyote hapa kile mkimbiaji anachopaswa kula. Kumtazama machoni anayempa chakula hicho, hilo halikuwa katika diploma, na sikujifunza mapema.

Walisonga ugali wa waombolezaji kwa unga ule. Mkaza mwana aliniletea sahani, akasimama akinisubiri. Chakula cha msiba hakikataliwi. Nikanawa mikono, nikala.