Njia Iliyopitishwa Chumbani Mwake

Walimvunjia fundi cherehani chumba chake cha mbele kwa ajili ya barabara ambayo haikujengwa, na aliyewaambia wavunje ni shemeji yake, mtu ambaye hakuweka hata tofali moja katika nyumba ile. Huo ndio ubaya aliotendewa. Mengine yote yalianzia hapo.

Ulikuwa mji wa barabara moja. Mitaa ilikuwa tele, lakini njia ya kuingilia upande huu na kutokea upande wa pili ilikuwa hiyohiyo, nyembamba kama mkanda wa suruali ya mtoto, na kila chenye magurudumu kilipita humo. Malori ya mizigo yasiyo na shughuli yoyote mjini, mabasi, pikipiki, mikokoteni ya maji, gari la wagonjwa likilia bila mtu wa kulisikiliza. Aliyetaka tu kuuvuka mji aende zake ilimbidi aingie hadi katikati ya soko, akwame pamoja na wauza vitunguu, ndipo atokee. Watu walishazoea. Walinyonyesha ndani ya foleni, waligombana na kupatana ndani ya foleni, na aliyechelewa mazishi hakuulizwa sababu.

Ndipo ikaja habari ya barabara ya kasi. Ingeupasua mji kutoka mwanzo hadi mwisho, pana, isiyo na taa wala makutano, malori yapite moja kwa moja na kuuachia mji pumzi yake. Wakubwa wakaitisha mkutano kwenye ofisi ya mtaa ili wawaulize wenye nyumba zilizo kando. Siku hiyo fundi alikuwa kwao, safari ya mbali, anamuuguza mama yake ambaye hatimaye alimzika. Nyumba yake ilipotajwa, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alisimama, akakohoa kama mwenye mali, akasema nyumba ni ya ukoo, yeye ndiye mwanamume aliyebaki, na ukoo wao hauzuii maendeleo. Wakampigia makofi. Karibu wote waliopiga makofi walishawahi kupimwa nguo ndani ya chumba kile.

Shemeji alikuwa fundi wa matairi. Kibanda chake kilikuwa uchochoroni, nyuma ya nyumba ya fundi, mahali ambapo gari halifiki mpaka lielekezwe. Chumba kile kikiondoka, kibanda kingetazama barabarani. Hilo hakulisema mkutanoni.

Fundi aliporudi, nguo za msiba zikiwa bado mwilini, tingatinga lilishamaliza kazi na kifusi kilishazolewa. Cherehani alikikuta kwenye chumba cha kulala, kimefunikwa shuka kama maiti. Kilichobaki cha chumba cha mbele ni sakafu. Wavunjaji walitumwa kuta na paa. Sakafu hawakutumwa, na hakuna aliyetaka kujichosha na kitu ambacho hakuagizwa.

Sakafu ile aliitengeneza yeye. Mumewe alijenga kuta, lakini sakafu alimwachia, akisema mikono yake mwenyewe ni mizito mno. Alichanganya saruji na rangi nyekundu, akaisawazisha kwa ubao huku akirudi kinyumenyume hadi mlangoni, na tangu hapo kila asubuhi alipiga magoti akaisugua kwa nta na kipande cha blanketi, mpaka wateja wakaona haya kuikanyaga.

Barabara ya kasi haikuja. Kwanza walisema mvua, kisha wakasema wafadhili, kisha hawakusema kitu. Foleni ilibaki palepale, ila sasa ilikuwa imegundua jambo. Lami ilijaa mashimo, na ubavuni mwake palikuwa na kipande laini, chekundu, kisicho na shimo hata moja, kinachompitisha dereva mwenye haraka hadi uchochoroni na kumtokeza mbele ya wenzake. Pikipiki zilianza. Zikafuata gari ndogo. Mabasi nayo yakajifunza. Haukupita muda, magari yalikuwa yakikatiza chumbani kwa fundi mchana kutwa, na kule uchochoroni shemeji amekalia tairi, anawakaribisha.

Fundi alihamia kushonea chumba cha kulala, kitanda kimesukumwa ukutani, wateja wakipimwa kiuno huku wamegusana na mto wake. Wanaume hawakuingia tena. Wanawake waliingia wakiomba radhi, na baada ya muda wakaacha. Shemeji alimwona amekaa kizingitini, akaona amfariji. "Shemeji, na wewe shukuru," alimwambia. "Wenzako wanalilia nyumba ya barabarani."

Fundi aliendelea kuisugua sakafu. Kila asubuhi, kabla foleni haijakaza, alipiga magoti pale nje, peupe, akafuta alama za matairi, na kila jioni alama zilikuwa zimerudi. Siku moja binti yake, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akichana nywele, alimwambia bila ubaya wowote, "Mama, unawang'arishia njia."

Neno hilo lilimwingia. Alilala nalo, akaamka nalo.

Asubuhi hiyo hakuchukua nta. Alimwita binti yake washike cherehani huku na huku, maana kilikuwa cha miguu ya chuma, kizito, wakakitoa nje hadi mahali palipokuwa na dirisha. Miguu ilikuwa imeacha vishimo vyake kwenye sakafu miaka ile, na ilivirudia yenyewe kama ng'ombe anayejua zizi lake. Akaweka kiti, akaweka meza ya kukatia ubavuni, akapitisha uzi, akaanza kukanyaga. Alikuwa anamalizia gauni la muuguzi mmoja wa jirani, mteja wa mwisho aliyekuwa bado hajamkimbia.

Wa kwanza kuchepuka alikuwa dereva wa basi dogo. Alilileta kwa mwendo wa mtu aliyezoea, akakamata breki pua ya basi ikiwa karibu kuibusu meza. Akapiga honi. Fundi akageuza gauni, akaendelea na upindo. Nyuma ya basi ikaja gari ndogo, nyuma ya gari zikaja pikipiki, na punde si punde foleni ikawa imeota mkia wa pili, wa wale waliotaka kuikwepa.

Kondakta alishuka. "Mama yangu, hapa ni njia."

"Hapa ni chumbani," fundi alisema. "Tena umeingia bila hodi."

Ndani ya basi walicheka. Kondakta alicheka nao, halafu akakumbuka haraka yake. Akaeleza kwamba watu wana kazi, watoto wana shule, na yeye mama mzima anaziba mji kwa gauni moja. Fundi alimjibu kwamba hata yeye yuko kazini, na kwamba kama ataendelea kusimama pale, basi suruali yake imefumuka nyuma, avue ashonewe akisubiri. Kondakta alijishika nyuma bila kukusudia, abiria wakashangilia, na vita vyake vikaishia hapo. Basi likaanza kurudi nyuma.

Ila kulikuwa na dereva wa lori aliyekwama kwenye lami, dirisha lake likiwa sambamba na cherehani, na huyo hakucheka. Alisema, kwa sauti ya kumfikia kila mtu, kwamba wanawake wa aina hii ndio wanaoufanya mji udumae, kwamba barabara ya kasi ingekuwa imeshajengwa kama si watu wenye kichwa kigumu kama chake.

Hapo fundi aliondoa mguu kwenye cherehani. Akasimama.

"Mimi sikukataa," alisema. "Sikuulizwa. Walivunja, wakazoa, wakaondoka. Sasa niambie, dereva, barabara yenyewe iko wapi? Chumba changu hakipo, na wewe bado umekaa hapohapo mbele ya mlango wangu."

Dereva wa lori alitazama mbele. Mbele yake hapakuwa na kitu kinachosogea. Akapandisha kioo, pamoja na joto lote lile.

Siku hiyo hakuna gari lililokatiza. Kesho yake walijaribu tena wakamkuta, keshokutwa wakamkuta. Wakambandika jina la Taa Nyekundu, kwa sababu kila aliyefika kwake alisimama, na mji ule taa zake za barabarani zilishakufa siku nyingi. Walidhani wanamtukana. Alichukua kitambaa chekundu kilichobaki kwenye sketi ya mtu, akakikunja upindo vizuri, akakifunga nyuma ya kiti.

Na foleni? Ilikuwa ileile. Haikurefuka wala kufupika. Waliokuwa wakiapa kwamba mji utasimama kwa sababu yake waliona kwamba mji ulikuwa umesimama tangu zamani. Yeye alikuwa ameketi tu.

Aliyeumia ni shemeji. Magari yalipoacha kupita uchochoroni, tairi zikaacha kutoboka mlangoni pake. Alivumilia kidogo, kisha akaenda kumleta afisa wa ofisi ya barabara, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Fundi aliliangalia shati lile kabla ya kumwangalia mwenyewe. Afisa alizungumza kwa adabu. Alisema mpango wa barabara ya kasi haujafutwa, umesimama tu, na eneo hilo limetengwa, kwa hiyo kisheria mama hana ruhusa ya kukaa hapo. Mabasi yakikatiza hapo ni makosa ya madereva, alikubali, lakini hilo ni suala la polisi.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa na pini mdomoni. Alizitoa, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Ileteni," alisema. "Siku itakapofika hapa na lami yake, nitabeba cherehani changu kabla hamjapiga honi. Lakini siondoki kwa ajili ya barabara iliyosimama. Hata mimi nimesimamishwa nayo."

Afisa alitazama barabara, akamtazama shemeji, akasema atapeleka taarifa. Akarudi kwenye gari lake, ambalo alikuwa ameliacha kwenye foleni, na akalikuta palepale.

Walipobaki wawili, shemeji alibadili sauti. Akasema wao ni familia, watu wanawacheka. Akasema ana mabati nyuma ya kibanda, mazuri tu. Yuko tayari kumzungushia kibanda kidogo pale nje, siyo kikubwa, aache nafasi ya gari kupita ubavuni. Alipolisema hilo la mwisho alitazama pembeni.

"Mabati yako kaa nayo, shemeji," fundi alimwambia. "Ulisimama mbele ya watu ukasema nyumba ni ya ukoo. Simama tena hapohapo useme haikuwa yako kuitoa. Ukitoka hapo, nitakushonea suruali ya bure."

Shemeji alicheka kama mtu anayeumwa jino, akaenda zake uchochoroni.

Bado hajasimama. Mikutano imeitishwa, ya takataka, ya maji, ya wezi, na kila mara anakaa nyuma karibu na mlango, na kila mara fundi anakwenda anakaa mbele, anageuka kumtazama. Wateja wamerudi, wanapimwa hadharani, wanaume kwa wanawake, huku foleni nzima ikitoa maoni kuhusu urefu wa mikono. Binti yake ameanza kukalia kiti kile mama akienda sokoni, maana kiti hakiachwi wazi. Sakafu inasuguliwa kila asubuhi, na sasa inakaa safi hadi jioni.

Ofisi ya barabara inadaiwa kuta, dirisha, paa na mlango wa mbele, vyote kama ilivyovikuta. Shemeji anadaiwa maneno machache, kwa sauti ileile aliyokohoa nayo, mbele ya watu walewale, na waliopiga makofi siku ile wanadaiwa kuja kuyasikia.