Usiitazame Kamera

Mwaka 2017 nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nikisomea filamu pale Newtown, Johannesburg, na nilijiona mjuzi. Wa mwaka wa kwanza huogopa kamera, wa mwaka wa tatu wameshazoea kushindwa. Sisi wa katikati ndio tuliotembea vifua mbele, tukikatiza mjini na kamera ndani ya mfuko wa sokoni, mchicha juu yake ili vibaka wasishtuke, huku tukibishana kuhusu mwanga kana kwamba jua ni la mama zetu.

Kwetu ni Nakuru. Shangazi yangu alifanya kazi benki mjini humo, na ndiye aliyenileta akitumaini nitasoma uhasibu. Nilipobadili masomo hatukugombana, ila chai ya nyumbani kwake ilianza kupungua sukari, nami nikahamia mtaa wa Jeppestown. Nilipanga chumba kwa mama mmoja Mkongo, fundi cherehani kutoka Bukavu. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha, na ukitaka kupita kwenda jikoni ilibidi uruke vitambaa.

Chumba cha pili alikaa mdogo wake wa kiume, mlinzi katika ghala la vipuri. Nyumba nzima tulimwita Afande. Alikuwa na sare yake, buti, kofia na filimbi, basi darasani kwetu akawa mali. Kila filamu ya mwanafunzi ilihitaji polisi, na polisi tuliyemjua alikuwa mmoja tu. Akitoka zamu asubuhi alikuja akamkamata mtu, akanywa soda yake, akaenda kulala.

Kasoro yake ilikuwa moja. Kila tulipokaribia mwisho wa tukio aligeuka, akaitazama kamera na kutabasamu. Sheria hiyo tulifundishwa wiki ya kwanza kabisa: mtu akitazama kamera, picha imeharibika, itupe. Nilimwambia sijui mara ngapi, Afande, usiitazame kamera. Yeye alijibu kwamba siku moja mama yake ataziona hizo picha, sasa atajuaje kama mwanawe anamsalimu? Nilicheka nikamwambia mama yake hana haja na filamu za wanafunzi. Sehemu hizo nilizikata zote.

Alikufa mwezi wa saba, kwenye baridi kali, kwa nimonia. Aliugua siku sita tu. Kumsafirisha hadi Bukavu haikuwezekana, na mama yake hakuweza kuja, kwa hiyo ilikubaliwa azikwe hapa. Dada yake aliniita sebuleni, akaniomba nirekodi mazishi yote kwa kamera ya chuo, kuanzia kanisani mpaka kaburini, ili mama yao aone. Nilikubali hata kabla hajamaliza kusema. Nilimpenda Afande, hilo niliseme wazi, lakini pia nilikuwa na kazi ya darasa iliyokosa mada, na wazo hilo lilinijia pale pale, nikiwa bado nimemshika mkono. Nilimwomba ruhusa niipeleke chuoni pia. Alisema sawa, mradi mama apate yake.

Kanisa lao lilikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya tatu ya jengo lililokuwa ofisi zamani. Mchungaji aliwaambia watu waweke simu mifukoni, kijana wa chuo yupo na kamera kubwa. Walitii wote. Maikrofoni ya kamera ile ilikuwa mbovu, kwa hiyo sauti niliichukua kando, kwa rekoda ndogo niliyoining'iniza shingoni, nayo ikaachwa ikirekodi mfululizo toka asubuhi.

Baada ya ibada ikaundwa foleni. Watu wale wana desturi wakimzika mtu mbali na kwao. Kila aliyekuja husimama mbele ya kamera, hutaja jina lake, mtoto wa nani, ametoka mji gani, humpa pole aliyebaki nyumbani, na humaliza kwa kusema nilikuwepo. Leo nalieleza hili kirahisi. Siku ile sikujua ninachokitazama. Niliona wasusi, mafundi, walinzi wenzake Afande wakiwa bado na sare, mmoja baada ya mwingine, wote macho kwenye kamera, wote wakiharibu picha. Niliacha kamera iendelee kwa adabu tu. Hata kaburini walifanya vivyo hivyo, upepo ukipeperusha vitenge, na hakuna aliyeruka zamu yake.

Nilijivunia kwamba mkono wangu haukutetemeka. Shangazi alinipigia kunipa pole, nikamwambia mimi nilikuwa kazini tu.

Wiki iliyofuata nilihariri. Zilikuwa saa nne na kitu za picha, nami nikazipunguza mpaka zikabaki dakika kumi na moja. Niliacha mikono ikipokezana sepetu, viatu vya kanisani vikiingia vumbi, kofia ya Afande juu ya jeneza, shada la maua likitikisika peke yake. Foleni yote niliitupa, na filamu nikaiacha bila sauti. Mwalimu wetu, mtu ambaye kusifu kulimuuma kama jino, alisema hii sasa ni filamu. Wenzangu walipiga makofi. Nami nilikuwa na kazi nyingine ya kurekodi Ijumaa, diski imejaa, kadi zimejaa, basi nikafuta kila kitu nilichoona hakina kazi tena. Kufuta saa nne za watu kulinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji ya chai.

Jumamosi nilimwekea mama mwenye nyumba filamu ile kwenye kompyuta yangu, juu ya meza ya cherehani. Nilikaa pembeni nikisubiri alie, maana darasani kuna waliolia. Alitazama dakika zote kumi na moja bila kusogea. Ilipokwisha aliendelea kutazama kioo cheusi.

"Batu bako wapi?" akauliza kwa Kiswahili cha kwao, yaani watu wako wapi.

Nilimwambia hiyo ndiyo filamu yenyewe. Akauliza tena, taratibu, kama mtu anayedhani ameuliza vibaya. "Miye naona mikono, naona viatu. Mama atajua namna gani kama mutoto wake alizikwa na batu?"

Nikaanza kumweleza mambo ya mtindo, kwamba mkono ukionyeshwa vizuri unasema zaidi ya uso. Nayakumbuka maneno hayo na hadi leo uso unanichoma. Alinikatiza akasema mtindo ni mzuri, sasa nimpe ile nyingine, ile yote. Nikalazimika kusema kwamba ile yote haipo.

Angenitukana ningepumua. Alichofanya ni kurudi kwenye cherehani na kushona ukosi wa gauni la mtu. Mama yake alikuwa ameshaambiwa picha zinakuja, na kila Jumapili alikuwa akiuliza zimefika wapi. Wengine kule walikuwa wameanza kusema kijana alizikwa kama mtu asiye na ndugu, na kikongwe yule hakuwa na picha ya kuwaonyesha. Nilipendekeza niwazungukie watu wote nyumbani kwao niwarekodi upya. Hapo ndipo alipoinua macho.

"Unataka balie mara ya pili juu ya kosa yako?"

Siku mbili tatu zilizofuata nilipita sebuleni kama mwizi. Niliacha hata kupika, nikawa nakula viazi vya kukaanga mjini. Chuoni waliichagua filamu yangu ionyeshwe kwa wageni, na nilipopongezwa nilitaka kumpiga mtu.

Jumatano mwenzangu mmoja alikuja kuazima rekoda ya sauti. Nilikuwa nimeshamkabidhi ndipo nikakumbuka. Picha ni nzito, ndiyo maana huwa tunahangaika kuzifuta. Sauti ni nyepesi, hakuna anayejisumbua nayo. Nilimnyang'anya ile rekoda, akanishangaa, nikaiwasha. Mazishi yote yalikuwamo.

Nilirudi Jeppestown kwa miguu, nikipita robot, zile taa za barabarani, zikiwa nyekundu. Mama mwenye nyumba alizima cherehani. Tuliweka spika mezani, kati ya nyuzi na mkasi, tukasikiliza tangu wimbo wa kwanza. Ilipofika foleni alifumba macho. Bila picha, kila mmoja alisikika amesimama karibu kabisa: jina, mtoto wa fulani, natoka Uvira, natoka Goma, natoka Bukavu mtaa fulani, pole mama, nilikuwepo. Kuna aliyekohoa kwanza, na kati yao mtu fulani alivuta makamasi. Kuna mlinzi mmoja aliyetaja namba yake ya kazi badala ya jina la baba, kisha akajirekebisha. Katikati ya foleni mama mwenye nyumba alianza kulia, akaendelea mpaka mwisho, nami sikuthubutu kugusa kitufe chochote.

Niliyanakili yote kwenye flashi, bila kukata hata pumzi moja. Yeye alikuwa amemshonea mama yake gauni la kitenge la kufanyia maombolezo. Alifumua pindo, akaiweka flashi ndani, akalishona tena kwa mkono ili isipotee njiani, na gauni likaondoka na muumini mmoja aliyekuwa akisafiri kwenda kwao. Nilimuuliza kama itatosha, sauti tupu. Alisema hajui.

Zilipita wiki tano. Siku moja nikiwa navua viatu mlangoni aliniita, simu mkononi. Kulikuwa na ujumbe wa sauti kutoka Bukavu. Sauti ya kikongwe ilisikika, yenye kukwaruza kidogo, ikieleza bila haraka. Waliisikiliza uani kwa spika kubwa ya kanisa, majirani wote wakaitwa, hata wale waliokuwa wakisema. Mjukuu aliandika majina kwenye daftari, kila mtu na mji wake. Daftari liko kwake chini ya mto. Nilishukuru moyoni, nikadhani yamekwisha, nikainama kumalizia kiatu.

"Lakini kuko mumoja," kikongwe akaendelea. "Ule mwenye analia karibu sana, tangu kanisani mpaka kwa kaburi. Anavuta makamasi, ananyamaza, anaanza tena. Bote balisema majina yabo, yeye hakusema. Ni nani? Mutoto hawezi kumuandika."

Mama mwenye nyumba alinitazama. Mimi nilianza kusema kwamba ilikuwa baridi siku ile, kwamba nilikuwa na mafua. Sikuimaliza hiyo sentensi. Rekoda ilikuwa shingoni mwangu siku nzima, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa karibu nayo kiasi hicho.

Aliifungua kamera ya simu akaielekeza kwangu. Nikajikuta natazama pembeni, dirishani, jinsi tulivyofundishwa. Akasema nimtazame mama. Nikageuka, nikaitazama kamera, nikataja jina langu, mtoto wa nani, natoka Nakuru. Nikampa pole. Nikasema nilikuwepo.